Jina Nililolikata kwa Mkono Wangu

Ngoja niwakumbushe kwanza, maana wiki ni ndefu na kila mtu ana yake kichwani. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na huu ni mwaka wa kumi na moja nikiwa katibu wa baraza la wazee kanisani kwetu. Wiki iliyopita niliwasimulia jinsi mama yetu alivyofia nyumbani kwa mdogo wangu, mimi nikiwa nimezima simu niko kikaoni. Nikawaambia pia alichosema mdogo wangu pale msibani, watu wote wakisikia: "Dada tulimpigia. Alikuwa kwenye kikao."

Maneno matano tu. Kwa maneno matano hayo, mimi mtu mzima mwenye akili zangu, nilikwenda kuchukua rejesta ya washirika, nikapiga mstari juu ya jina lake kwa rula, nikaandika pembeni: "Ameondolewa na baraza."

Baraza halikukaa. Baraza halikuulizwa. Siku hiyo baraza lilikuwa mimi na kalamu yangu.

Miaka tisa sasa. Mdogo wangu anakaa mtaa wa tatu kutoka kwangu. Tukikutana dukani yeye husimama anisalimie vizuri, aulize watoto, na mimi hujifanya nina haraka. Baadhi yenu mmeniandikia hapa gazetini mkisema, "Si umuombe radhi tu yaishe?" Asanteni sana. Mngekuwa mimi, mngeona.

Haya, sasa sikilizeni ya Jumamosi.

Tulikaa kikao saa tisa alasiri, kwenye ile ofisi ya nyuma ya kanisa yenye viti vya plastiki na feni inayozunguka ikilia. Mchungaji wetu ni mpya, ana miezi mitano tu, na ni mtu asiyejua kukaa. Anaongea huku anatembea, chaki mkononi, mpaka ukimfuata kwa macho unapata kizunguzungu.

"Wazee wangu," alisema, "tunataka kuingia mtaani. Tuwatembelee wagonjwa, tuwafundishe kina mama kushona, tukae na vijana wasio na kazi. Vizuri kabisa. Lakini tutawakimbiliaje wageni wakati wapo watu wetu wenyewe tuliowaacha nje?"

"Na uchaguzi wa wazee ni mwezi ujao," akadakia mwenyekiti wetu.

Huyu mwenyekiti tunamwita Mzee wa Kanuni. Ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Ukimwomba aombee chakula anaweza kukuuliza kama chakula kimo kwenye ajenda. Lakini ni mtu wa haki, hilo simnyimi, na ndiyo sababu namwogopa.

"Katiba mpya, ibara ya tisa," akaendelea, kidole juu. "Kabla ya uchaguzi rejesta isafishwe. Kila aliyeondolewa afuatwe, aelezwe aliondolewa kwa kosa gani, na asikilizwe."

Nikaivuta rejesta karibu yangu.

"Basi tunaunganisha," Mchungaji akasema. "Wiki ya Kubisha Hodi. Kila mzee atapewa nyumba zake. Katibu, andika."

Nikaandika. Kazi ya katibu ni kuandika, hata kama kinachoandikwa ni kaburi lake. Tukajadili nani aende wapi, Mama Kwaya, kiongozi wa waimbaji wetu, akasema watu wasipangiane nyumba za kujuana, Mzee wa Kanuni akasema hoja nzuri, wakapitisha. Nikaandika na hilo pia, huku mawazo yangu yako mbali kabisa.

"Sasa tupe majina," Mchungaji akaniambia. "Wangapi walioondolewa miaka kumi hii?"

"Kumi na tisa," nikajibu, nikainuka nikaandika namba hiyo ubaoni, kubwa, kwa mwandiko wangu mzuri.

Kisha nikakaa nikasoma majina kumi na nane.

Nilisoma polepole, kwa sauti ya upole, kama mtu asiye na hili wala lile. Mchungaji aliandika kila jina kwenye kikaratasi, akakikunja, akakitia kwenye kikapu. Nikafunga rejesta.

"Katibu," Mzee wa Kanuni akasema. Alikuwa anahesabu kwa vidole, mwalimu mzima. "Umesoma kumi na nane."

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Ubaoni ni kumi na tisa."

"Nimeandika kumi na tisa?"

"Kajisomee mwenyewe."

Wote wakageuka kuangalia ubao. Na mimi nikageuka, nikaukodolea macho kana kwamba aliyeandika ni mtu mwingine.

"Ah, huyo," nikasema. "Huyo wa mwisho ni mdogo wangu. Nilimruka makusudi. Niachieni, nitakwenda mwenyewe."

Mama Kwaya akaweka mkono kifuani. "Jamani! Huo ndio moyo wa dada."

Nikainamisha kichwa, nikajifanya mnyenyekevu. Nilidhani nimepona.

"Haiwezekani," akasema Mzee wa Kanuni.

"Kwa nini, mwenyekiti?"

"Soma ulichoandika robo saa iliyopita. Azimio la nne."

Nikafungua daftari. Lilikuwa hapo, kwa wino wangu, limepigwa mstari kwa rula yangu: "Mzee hatatembelea nyumba ya ndugu yake wala rafiki yake, ili kuepuka upendeleo." Nililisoma kwa sauti. Watu wakacheka kidogo, wakidhani naona aibu kwa kusahau. Laiti wangejua.

Kikaratasi cha kumi na tisa kikatiwa kikapuni. Kikapu kikazungushwa. Wazee kumi, mikono kumi, na mimi naomba kimoyomoyo: Mungu wangu, akipate Mama Kwaya. Mama Kwaya akienda mahali huongea yeye tangu hodi mpaka kwaheri, hawezi kumwuliza mtu swali hata moja.

Alikipata Mzee wa Kanuni.

Akakikunjua, akakisoma, akakunja uso. "Huyu ndiye aliyekuwa anaimba sauti ya pili? Aliondolewa kwa kosa gani? Mbona sikumbuki?"

"Ni zamani, mwenyekiti."

"Zamani lini? Mimi baraza hili nina miaka ishirini na mbili."

"Labda siku hiyo ulikuwa unaumwa."

"Mimi?" Akanitazama juu ya miwani. "Katibu, mimi nimeng'olewa jino asubuhi nikaja kikaoni mchana, pamba mdomoni. Sijakosa kikao hata kimoja. Basi, nitamwuliza mwenyewe. Nakwenda kesho, saa nane, baada ya ibada."

Kikao kikafungwa kwa sala. Sikusikia neno.

Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye cherehani, nina mashati arobaini ya kumalizia. Nikashona. Mume wangu alikuwa mezani na redio ya mtu aliyoifumua, nyaya zimetapakaa kila mahali. Hiyo ndiyo kazi yake, kutengeneza redio. Ni mtu mkimya, lakini macho anayo.

"Una nini leo?" akaniuliza.

"Sina kitu."

"Umefunga mlango mara ya tatu, na wote tuko ndani."

"Najihadhari tu."

Akaja akachukua shati moja, akaligeuza huku na huku. "Mama, huu mfuko umeuweka mdomo chini. Mtoto atatia nini humu, hewa?"

Nikamnyang'anya shati, nikaanza kufumua, machozi yakanitoka. Akasimama hapo, hajui afanye nini na mikono yake.

"Ni mdogo wako?" akauliza.

"Nani kakuambia?"

"Miaka tisa kila ukilia ni yeye. Nenda kamwone basi. Kwani alikufanyia nini kikubwa hivyo?"

Hapo ndipo penyewe. Hakunifanyia kitu. Na mume wangu hajui nilichofanya mimi, kama ninyi nanyi msivyojua yote, kwa sababu kuna kipande ambacho wiki zote hizi nimekuwa nakiruka. Leo nakisema. Nisipokisema leo, atakisema mtu mwingine.

Sikuishia kwenye rejesta. Nilimwandikia barua.

Karatasi ya kanisa, yenye msalaba juu. Nikapiga chapa: "Baraza la Wazee limekutana na kuamua kukuondoa katika ushirika kwa kosa la kulidharau baraza mbele ya waombolezaji. Utarudishwa utakapoomba radhi hadharani." Chini nikatia sahihi ya kuchora tu, hata mimi siwezi kuisoma. Juu ya sahihi nikagonga muhuri, muhuri ambao hukaa kwenye droo nyumbani kwangu, na ufunguo wake ninao mimi peke yangu.

Kwa hiyo mdogo wangu kwa miaka tisa anaamini kwamba wazee kumi walikaa, wakamjadili, wakamhukumu, akiwa hata nguo za msiba hajavua. Watu waliomfundisha kuimba tangu mtoto. Hakuwahi kurudi kuuliza. Aliona haya.

Sasa mnaelewa kwa nini nilikuwa nafunga mlango. Kama ile barua ipo, na Mzee wa Kanuni akaishika, mimi nimekwisha. Ukatibu wautake, nitawapa. Lakini mdogo wangu ndiye ndugu pekee niliyebaki naye duniani, hatuna kaka, hatuna shangazi, baba simkumbuki. Akijua, sina mtu.

Nikaamua nitangulie. Nikamwombe radhi? Ningependa kuwaambia hivyo. Hapana. Nilikwenda kuichukua barua.

Jumapili, wimbo wa mwisho ulipoanza, nikatoka kwa mlango wa pembeni kama mwenye tumbo linalosumbua. Nilitembea mitaa mitatu kwa mwendo ambao mguu wangu mbovu uliusahau. Saa saba na nusu nilikuwa mlangoni pake.

Mlango ulikuwa wazi. Mdogo wangu ni fundi wa makochi. Chumba chake cha mbele ndicho karakana: sponji zimesimamishwa ukutani, kitambaa chekundu kimetandikwa chini, kochi la watu watatu limelazwa miguu juu. Yeye mwenyewe alikuwa amepiga magoti nyuma yake, nyundo mkononi, misumari midogo ameibana kwa midomo.

Aliponiona akaitema yote mkononi.

"Dada!"

"Hodi," nikasema, maana sikuwa na neno jingine.

"Dada, karibu! Karibu ndani! Usikae hapo, kuna gundi. Ngoja." Akapangusa kigoda kwa kanga yake, akapangusa tena. "Unatoka ibadani? Umependeza. Mimi, kama unavyoniona, Jumapili ndiyo siku yangu ya kazi. Nitafanya nini tena?"

Kupitia dirishani nilisikia wimbo wa kanisani, ule ule niliouacha katikati, unatoka kwenye vipaza sauti.

"Nawasikia kila wiki kutoka hapa," akasema. "Naimba nao. Ila dada, sauti ya pili siku hizi hawaiwezi. Mwambie Mama Kwaya awakazanie."

Akacheka. Anacheka kama mama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mdogo wangu," nikajikaza, "nimekuja kwa sababu ya ile barua."

Akaiweka nyundo chini taratibu.

"Ajabu," akasema. "Na mimi nilitaka kuja kwako kwa sababu hiyo hiyo. Jirani kaniambia mnapita kubisha hodi. Dada, nimechoka kukaa nje. Nimeamua. Nitakuja Jumapili ijayo, nisimame mbele ya watu wote, niombe radhi kama barua inavyosema."

"Usiombe!"

Nilipiga kelele mpaka mwenyewe nikashtuka. Akanikodolea macho.

"Kwa nini nisiombe? Nilikosea. Mama alikuwa bado hajazikwa nikaanza kusema mambo ya kikao mbele za watu. Uchungu, dada. Lakini baraza lilikuwa na haki."

"Baraza halikuwa na haki yoyote."

"Unaona?" Akatikisa kichwa, akitabasamu. "Hata leo bado unanitetea. Najua siku ile ulipigana nao peke yako."

"Nani kakwambia?"

"Nani aniambie? Kwani mimi sikujui? Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni kwenda shule mvua ikinyesha. Ungekaa kimya wakinifukuza? Mume wa jirani alinicheka, akasema hata dada yako yumo humo barazani. Nikamwambia koma. Dada yangu lazima alikataa, walimzidi kwa wingi tu."

Hapo ndipo ningesema. Palikuwa na nafasi, hata ya kupitisha ng'ombe. Mdomo ukafunguka, na mnajua kilichotoka?

"Nipe hiyo barua niichane. Tuanze upya."

Akaniangalia kwa mapenzi, Mungu wangu, kwa mapenzi matupu. Akaingia chumba cha ndani. Nikasikia sanduku linafunguliwa. Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Saa ya ukutani ilisema saa nane kasoro dakika ishirini. Muda ninao, nikajiambia. Naichukua, naikunja, natoka.

Akarudi ameishika. Alikuwa ameitia kwenye mfuko wa nailoni isiharibike. Miaka tisa, na karatasi bado nyeupe, muhuri unaonekana mpaka tarehe. Nikanyoosha mkono. Vidole vyangu viliigusa.

"Hodi humu!"

Nilisahau jambo moja kuhusu Mzee wa Kanuni. Hachelewi, hilo kila mtu analijua. Lakini akisema saa nane, saa nane kwake ni wakati wa kuanza ajenda. Kufika anafika mapema.

Aliingia na koti lake la ibada, kofia mkononi. Akaniona. Akasimama.

"Katibu. Azimio la nne."

"Nilikuwa napita tu, mwenyekiti."

"Mitaa mitatu, na ulitoka wimbo haujaisha," akasema. Lakini macho yake yalikuwa tayari kwenye karatasi.

Mdogo wangu, masikini, alishika kanga yake vizuri, akainama kwa heshima. "Shikamoo, mzee. Afadhali umekuja wewe. Nilitaka kungoja Jumapili, lakini nianze na wewe. Naliomba radhi baraza. Kwa yote niliyosema msibani kwa mama, nisameheni. Nimeadhibiwa, nimekubali."

"Marahaba, mama. Ngoja." Mzee wa Kanuni aliinua mkono. "Ngoja kwanza. Usiombe. Nani kakuadhibu?"

"Si ninyi, mzee? Barua hii hapa."

Akampa. Mimi nilikuwa katikati yao na sikuweza hata kuinua kidole. Mzee akaitoa kwenye nailoni, akasogea mlangoni penye mwanga, akasoma. Akarudia. Nilimwona midomo inavyotembea alipofika pale penye tarehe, kisha akaigeuza karatasi, akaangalia nyuma kama kuna kitu zaidi.

"Muhuri ni wetu," akasema, kama anayejiambia mwenyewe. "Karatasi ni yetu. Lakini mama, juma hilo kanisa lilikuwa linapakwa rangi. Ufunguo wa ofisi nilikuwa nao mimi. Hatukukaa kikao chochote."

"Mlikaa, mzee. Imeandikwa."

"Sahihi hii ni ya nani?"

"Sijui. Yenu."

"Mwenyekiti," nikasema, "hebu tutoke nje kidogo tuongee."

"Katibu, sijakuuliza wewe." Hakunitazama hata. Sauti yake ilikuwa ya upole, na huo upole ndio uliniogopesha. "Mama, nikuulize kitu kimoja tu, ukumbuke vizuri. Barua hii uliletewa na nani?"

Nilimwangalia mdogo wangu. Nilitaka kumkonyeza, kumkanyaga mguu, chochote. Naye akageuka akaniangalia, akatabasamu, akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa na gundi, kikanata kwenye changu.

"Nani tena, mzee?" akasema, kwa fahari, kama mtu anayemsifia nduguye mbele ya wakwe. "Dada mwenyewe. Hakutaka niletewe na mtu baki. Alikuja akanisomea hapo hapo mlangoni uliposimama. Hakuweza kumaliza. Tulikumbatiana tukalia wote wawili."

Ni kweli. Nililia. Na hamtaniamini, lakini machozi yale hayakuwa ya uongo.

Mzee wa Kanuni alivua miwani. Akaikunja barua kwa mikunjo yake ya zamani, akairudisha kwenye nailoni, wala hakunipa mimi wala hakumpa yeye.

"Katibu," akasema hatimaye, "mwambie wewe. Mimi siwezi."

Mdogo wangu hakuuachia mkono wangu. Alimtazama mzee, kisha akanigeukia, lile tabasamu bado halijamtoka usoni.

"Aniambie nini, dada?"